Siku Shangazi Saapke Alipoondoka Bila Ufunguo

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, na asiyeamini aje anitazame usoni. Naapa kwa kaburi la Shangazi Saapke, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, na ambaye akisikia namsingizia atatoka huko aliko aje anichape na mwavuli wake. Naapa pia kwa goti langu la kushoto, lile zima. Kama kuna chumvi humu, ni ile ya kuonjea tu.

Marehemu Shangazi Saapke alimwachia mke wangu Jikke boti. Boti ya chuma, rangi ya samawati, ina kitanda puani, mbele kabisa, jiko la gesi la mioto miwili, na usukani wa mbao unaong'aa kwa kushikwashikwa na ukoo mzima. Tukaipa jina lake. Kwa hiyo nikisema Shangazi Saapke aliguna, au alikwaruzwa ubavuni, usishtuke. Ni boti. Mambo ya kushtusha yako mbele.

Tangu nistaafu kazi ya kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, mimi na Jikke kiangazi chote tunakaa majini hapa kwetu Friesland. Hatuna haraka. Tunakwenda mwendo wa bata, kijiji hadi kijiji, mfereji hadi ziwa, tunafunga pale tunapopapenda. Jikke anashusha baiskeli anakwenda kununua mkate wa sukari, mimi nachemsha kahawa, ng'ombe wanatutazama na sisi tunawatazama. Hayo ndiyo maisha, na sikuwa na mpango wa kuyabadilisha.

Ila mwaka jana nilikuwa na bahati mbaya kidogo. Niligonga gati la mkahawa wa Reidum mchana watu wakila, supu ya njegere ikawamwagikia mapajani, na supu ya njegere haitoki kwenye suruali. Halafu kuna siku nilimsahau Jikke kwenye choo cha bandari. Niligundua hayupo kahawa ilipochelewa.

Basi mwaka huu, kabla hatujafungua kamba, Jikke akanisimamisha mbele ya watu wote wa bandari yetu, kaka yake Hylke akiwa mstari wa mbele na mikono kiunoni.

"Wobbe," akasema, "safari moja nakupa. Tukirudi hapa Ijumaa kwenye meza ya samaki mikunga bila wewe kunitoa roho, usukani ni wako mpaka uzikwe. Ukinishtua kwa uzembe wako mara moja tu, moja, usukani wangu. Wewe utarusha kamba na kumenya viazi."

"Na kuvikaanga," Hylke akaongeza.

"Shemeji, wewe nani amekuuliza?"

"Mimi ni mlaji wa hivyo viazi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyestaafu hana vitu vingi vilivyobaki vya kushika. Mashine zangu wanazishika vijana. Nyumbani hata rimoti anashika Jikke. Usukani ule ndio pekee unaoniuliza mimi twende wapi. Nikaapa mbele yao wote kwamba mke wangu atarudi na roho yake mwilini.

Tukaenda vizuri mno. Nilipita madarajani kama mtu anayebeba mayai. Mpaka tukafika Aldemar, mji wenye kanisa moja, mwokaji mmoja na gati fupi, na gati lenyewe limejaa. Nafasi ilikuwa moja tu: ubavuni mwa tishari la mzee Geale. Hilo tishari lilibeba viazi kwa miaka mingi. Siku hizi linambeba Geale mwenyewe, mbwa wake, na nguo zake za kufuliwa. Ilikuwa siku ya kufua, mashuka yametandazwa kwenye kamba kutoka mbele hadi nyuma kama tanga la mtu aliyechanganyikiwa. Geale ni mtu mwema, ila masikio yake aliyaacha kwenye chumba cha injini zamani.

Sasa, sisi watu wa maji tuna desturi, na mtoto anayenyonya anaijua. Ukifunga ubavuni kwa mwenzako aliye gatini, humning'inii yeye tu. Unachukua kamba zako mwenyewe, ya mbele na ya nyuma, unavuka sitaha yake, unazifunga nchi kavu. Akitaka kuondoka anachomoka pale katikati, wewe unabaki na gati lako.

"Umepeleka kamba nchi kavu?" Jikke akaniuliza, mguu mmoja tayari kwenye baiskeli.

"Mama, miaka yote hii, bado swali ni hilo?"

Mbwa wa Geale alikuwa amelala katikati ya sitaha, dume la manyoya, jicho moja wazi.

Jikke akanitazama kidogo, akachukua funguo. Ufunguo wa injini umefungwa kwenye kizibo cha gome la mti, duara, ukubwa wa chungwa, ili ukianguka majini uelee. Na ufunguo wa kufuli ya baiskeli uko hapo hapo. Akavitia vyote mfukoni, akaenda kwa mwokaji. Liweke hilo kichwani: ufunguo umeondoka. Injini ya Shangazi Saapke imelala, na mimi nikaamua kulala pia.

Kabla ya kulala nilifunga uzi wa kuvulia kwenye chuma cha puani, ndoana yake nikaitia kipande cha soseji kavu. Kitu kidogo, cha kujifurahisha. Nikajilaza na chupi tu, kwa sababu joto lilikuwa kali, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni kanisa.

Nilifungua jicho, na kwenye dirisha dogo la kitandani nikaona kanisa la Aldemar likipita. Nasema likipita. Lilitoka upande wa kulia, taratibu, na mnara wake na jogoo wake wa shaba juu, likaenda zake upande wa kushoto. Nikafumba jicho. Nikafumbua. Akapita mwokaji, mlangoni kwake, na unga mikononi, kinywa wazi. Ukapita mti. Akapita ng'ombe, naye pia kinywa wazi, ingawa huyo huenda alikuwa anatafuna.

Nikajiambia: Wobbe, umekufa. Umekufa usingizini na sasa unapelekwa. Nikashukuru kwamba wanapeleka watu polepole, na kwamba huko kuna ng'ombe. Halafu nikajigonga kichwa kwenye dari kama ninavyojigonga kila siku, nikaumia kama ninavyoumia kila siku, nikajua niko hai. Hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia. Maiti hana la kuogopa. Mimi nilikuwa na mke, na ahadi, na boti inayotembea.

Nikakimbilia usukani. Tundu la ufunguo: tupu. Nikagusa injini: baridi kama bia. Na maji yanapita pembeni shaa, mawimbi yanapiga matete, bata wanakimbia na watoto wao!

Nikatambaa hadi puani. Uzi wangu wa kuvulia umekazwa kama waya wa umeme. Na mbele yake, naapa tena kwa goti, maji yamegawanyika pande mbili, na katikati kuna mgongo. Mweusi, unateleza, mpana kama meza ya harusi. Masharubu mawili yanaburuzwa huku na huku kama mipira ya kumwagilia bustani. Kambare! Kambare aliyemeza soseji ya Jikke na sasa anatuvuta, mimi na Shangazi Saapke, katikati ya mji, mchana kweupe.

Nilipiga magoti na chupi yangu nikashika chuma kwa mikono miwili.

Ghafla kengele ikalia. Daraja la Aldemar! Vizuizi vikashuka, magari yakasimama, daraja likaanza kunyanyuka, kumpisha kambare kama mheshimiwa. Na kibandani pale juu akatokea mlinda daraja, Froukje, na fimbo yake ya kuvulia. Kwetu daraja likifunguliwa, mlinzi anakushushia kiatu cha mti kinachoning'inia kwenye uzi wa fimbo, unatumbukiza sarafu ya daraja humo unapopita, bila kusimama. Cha Aldemar kimepakwa rangi nyekundu na njano. Nikakiona kikija.

Nitatia nini? Chupi haina mfuko.

Kiatu kikanipiga sikioni, pwaa! Nikayumba, nikakishika nisianguke majini, uzi ukakatika. Tukapita chini ya daraja kwa kubana hivi, Shangazi Saapke akaguna, rangi ya kijani ya nguzo ikamganda ubavu mzima. Nikageuka. Froukje alikuwa amesimama na fimbo isiyo na kitu, macho yamemtoka kama vitasa vya mlango. Alikuwa anapiga kelele fulani, ila sikumsikia kwa mngurumo wa yule kambare.

Tulipotokea ziwani, kambare akageuka. Akaniangalia. Sijui kama umewahi kuangaliwa na samaki wa kiasi hicho, lakini aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi. Kisha akauma uzi, kap, akazama. Upepo ukanisukuma taratibu mpaka kwenye kihori kimoja, kijighuba kilichozungukwa na matete. Nikatupa nanga. Kimya. Sauti ya maji tu, na meno yangu.

Sasa mwache mtu wa ziwani, tumtazame wa mjini. Jikke alirudi gatini na mkate wa sukari bado wa moto kwenye karatasi. Akasimama. Gati lipo, baiskeli ipo, mume hayupo. Boti haipo. Na tishari halipo, kwa sababu Geale naye, bila shaka, alikuwa na safari zake. Palikuwa na maji matupu, na kandambili yangu moja inaelea.

Mengine aliniambia baadaye. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, aliushika, akaona kwamba mtu hawezi kuondoka bila huo ufunguo. Basi kilichobaki ni kuzama. Akapanda baiskeli akafuata ukingo wa maji, anachungulia kila tete, mkate kifuani.

Alinikuta jua linashuka. Akasimama juu ya tuta, mweupe kama yule mwokaji.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Mzima?"

"Mzima."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi, nimeshajikunja. Badala yake akakaa kwenye nyasi, akaweka uso kwenye karatasi ya mkate, akalia. Jikke! Mwanamke aliyemzika baba yake huku akiwapangia watu viti! Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa kanisa. Nikamfuata kwa kuogelea, nikakaa karibu yake nikichuruzika maji, na hapo hapo nikamweleza habari ya kambare, jinsi mnavyoijua.

Akafuta macho kwa karatasi ya mkate.

"Kambare," akasema.

"Kambare."

"Na soseji yangu."

"Pole kwa soseji."

"Basi kama ni kambare, si uzembe wako."

"Ningefanyaje, mama? Mnyama yule!"

Akanikatia mkate, kipande cha katikati, chenye sukari nyingi kuliko vyote. Usiku ule kizibo kilirudi kwenye msumari wake kando ya usukani, nami nikalala nikiwa bado nahodha.

Ijumaa ikafika. Meza ya mikunga iliwekwa nje ya mkahawa wa bandari, mikunga imekaushwa kwa moshi, ngozi inang'aa, watu wamevaa karatasi vifuani. Hylke yupo. Geale yupo, pembeni kabisa, mbwa miguuni, anakula kama mfungwa aliyeachiliwa. Jikke amekaa mbele yangu na mkoba wake mapajani, jambo ambalo ningelitilia shaka kama nisingekuwa nimeshaanza kusimulia.

"Mpana kama nini?" Hylke akauliza.

"Kama meza hii."

"Juzi ulimwambia dada yangu kama meza ya harusi."

"Harusi ya watu wachache."

"Na alisimama darajani taa nyekundu ilipowaka?"

"Shemeji, kambare yule ana adabu kuliko wewe."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Kambare akaongezeka masharubu. Nilimpa na kovu mgongoni. Jikke alikuwa anachambua mkunga wake, mfupa baada ya mfupa.

Ndipo pakatulia ghafla. Niligeuka, na mkunga uliokuwa mdomoni mwangu ukasimama njiani. Froukje. Amevaa koti lake la kazi, fimbo ya kuvulia begani, na uzi wake unaning'inia mtupu, unacheza na upepo.

"Samahanini kwa chakula," akasema. "Natafuta kiatu changu."

"Kambare alikimeza," nikasema. Ilitoka yenyewe.

Jikke akafungua mkoba. Akatoa kiatu cha mti, chekundu na njano, akakiweka katikati ya mikunga.

"Nilikikuta Jumatano chini ya mto wako wa kulalia," akasema. "Nikasema nisubiri, huenda mwenye mto ataniambia mwenyewe. Nikasubiri Alhamisi pia. Asubuhi hii nikampigia simu mwenye kiatu."

"Dada Froukje," Hylke akadakia, macho yanamng'aa, "huyo kambare ulimwona wewe?"

"Niliona tishari," akasema Froukje. "Tishari na mashuka yake. Na ubavuni, imefungwa kwa kamba mbili nzuri kabisa, niliona boti ndogo ya samawati, na mzee mwenye chupi amepiga magoti mbele kama anasali. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka: Geale, una mtu ubavuni! Yeye akanipungia mkono."

Watu wote wakageukia pembeni ya meza.

"GEALE!" Hylke akapaza sauti. "ULIKUWA NA BOTI UBAVUNI!"

"Nini?"

"BOTI! UBAVUNI! PALE ALDEMAR!"

Geale akaacha kutafuna. Ilichukua muda kumwingia. Kisha uso wake mzima ukafunguka.

"Aaah! Ndiyo maana lilikuwa linavuta kushoto hadi ziwani!" akasema. "Na mimi nikaona mji mzima unanipungia mikono. Nikamwambia mbwa, leo Aldemar wametupenda."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hylke alianguka kutoka kwenye kiti. Mimi nilitazama upande mmoja tu, na upande huo haukucheka.

"Kamba za nchi kavu, Wobbe?" Jikke akauliza, sauti ya chini.

"Mbwa alikuwa amelala njiani."

"Mbwa."

"Jicho moja lilikuwa wazi, mama."

"Nimelia kwenye mkate," akasema. "Nilikuwa nimeshakuzika. Nilikuwa nachagua viti."

Kicheko kikakatika.

Froukje akachukua kiatu, akakifunga upya kwenye uzi. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akanyoosha fimbo juu ya meza, na kiatu kikaja kinaelea juu ya mikunga, kikasimama mbele ya pua yangu.

"Ya daraja," akasema.

Nikatia sarafu. Nilisubiri kiondoke. Hakikuondoka.

"Langu nimepata," akasema Froukje. "Ila naona kuna mtu mwingine anadai."

Jikke alikuwa amekunja mikono. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kizibo na ufunguo wake. Kilikuwa na joto la paja langu. Nikakitia kwenye kiatu. Hakikuingia vizuri, ikabidi nikikandamize kwa gumba. Fimbo ikageuka taratibu, mbele ya watu wote, na kiatu kikatua mbele ya mke wangu. Akachukua kizibo, akakifuta kwa karatasi yake ya kifuani.

"Viazi viko chini ya benchi," akaniambia. "Kisu unakijua."

Basi hivi sasa naandika haya mezani pa jikoni, ndani ya Shangazi Saapke, ndoo ya viazi kati ya magoti. Juu anaendesha Jikke. Hatujagonga kitu, na inakera. Tukifunga ubavuni kwa watu, kamba za nchi kavu napeleka mimi, mbele na nyuma, mbwa nawaruka. Tukipita Aldemar, mwenye sarafu mkononi pale sitahani ni mimi, na Froukje ana shabaha: kiatu kinakuja moja kwa moja sikioni.

Jana jioni, karibu na matete ya kile kihori, nilimwaga maganda, na kitu kikubwa kikageuka pale chini, maji yakajikunja hadi boti ikainama. Kilikuwa na masharubu.

"Nini hicho?" Jikke akauliza kutoka juu.

"Hakuna kitu, nahodha," nikasema, nikachukua kiazi kingine.